Cheza na Filta Vile Unataka, Lakini Orijino Usifute

Wasee, leo sina somo la slaida. Leo nina maneno, na mengine yananigusa mimi mwenyewe, kwa hivyo nivumilieni.

Juzi niliposti picha ya jakaranda hapa Nairobi. Sio ile zambarau mmeizoea. Niliichezea rangi mpaka majani na maua yote yakawa mekundu ya kuwaka, kama mtu amewasha jiko ndani ya mti. Anga nikaiweka giza kidogo. Karibu saa mbili nilikuwa nimekunja mgongo kitandani nikisugua skrini na kidole.

Laiki zikaja, poa. Halafu komenti zikaanza. Mmoja akauliza kama mti umepakwa lipstiki. Nikacheka. Mwingine akasema macho yanamuuma. Sawa, hilo ni lake. Lakini kuna mmoja aliandika: "Nyinyi ndio mnafanya watu wasiamini picha tena." Hiyo sikucheka. Nililala nayo.

Nimeifikiria siku kadhaa na jibu langu ni hili. Kucheza na picha za miti si uongo. Lakini kuna siku inakuwa uongo, na nitawaambia siku hiyo inafanana aje, juu mimi nimewahi kuifanya. Na kuna siku inakuwa kitu kibaya kuliko uongo. Hiyo pia nimeifanya.

Kwa nini miti

Wale mmenijua karibuni, niliacha chuo mwaka wa pili. Si hadithi ya kishujaa. Karo ilikwama, na hata kozi yenyewe sikuwa nayo moyoni. Nikabaki na simu imepasuka kwa kona, memori GB 32, na masaa mengi ya kukaa bila kazi.

Ukitaka kupiga watu picha, lazima uwabembeleze. Huyu anataka aonekane mwembamba, yule hataki meno yake yaonekane, mwingine anataka umlipe. Mti hausemi kitu. Mti uko pale asubuhi, uko pale saa kumi na mbili jioni jua likiwa chini, na ukikosea leo unarudi kesho. Kwa mtu hana pesa na anajifunza, hakuna modo bora.

Pia mti ni mwalimu mkali. Ukitaka kujua kama mtu anajua kuediti ama anabahatisha tu, usiangalie rangi. Angalia pale matawi madogo yanakutana na anga. Kama kuna kamstari keupe kamezunguka majani, jua slaida zilivutwa kwa nguvu. Kama anga imebadilishwa, utaona ile anga ya zamani imejificha katikati ya majani, vitone vidogo vya bluu mahali jua linatua. Uso wa mtu unaweza kuficha kazi mbaya. Mti utakuanika.

Na kuna kitu kilinishangaza sana siku za kwanza. Nilikuwa nataka kubadilisha rangi ya majani, nikaenda kwa slaida ya kijani, nikavuta mpaka mwisho. Majani yakabadilika kidogo tu. Nikadhani apu imekwama. Kumbe sehemu kubwa ya kile tunachoita kijani cha majani, apu inakihesabu kama njano. Ukigusa njano ndio mti mzima unageuka. Miaka yote hii naangalia majani na sikuwa nimewahi kuona njano ndani yake. Filta ndiyo ilinionyesha. Hapo ndipo nilianza kuamini efekti si za kurembesha tu. Kuna saa zinakuchezea, na kuna saa zinakufungua macho.

Ile nyekundu ilitoka wapi

Wale walisema nyekundu yangu ni ya kujitungia, njooni karibu.

Majani mabichi yenye afya hurudisha mwanga mwingi sana wa infraredi. Macho yetu hayauoni huo mwanga, lakini uko pale kila siku, mti unawaka nao na sisi tunapita tu. Simu nyingi zimewekewa kioo ndani cha kuuzuia. Ukitaka kujaribu, chukua rimoti ya runinga, ielekeze kwa kamera ya mbele ya simu yako, bonyeza. Kwa simu nyingi utaona kataa kanawaka pale mbele, na kwa macho yako huoni kitu. Hiyo ndiyo infraredi.

Kampuni ya Kodak ilikuwa inatengeneza filamu inaitwa Aerochrome. Filamu hiyo iliuchukua huo mwanga usioonekana na kuuonyesha kama nyekundu na waridi. Haikutengenezwa kwa ajili ya wasanii. Jeshi liliitaka kwa sababu wavu uliopakwa rangi ya kijani unaweza kudanganya jicho la mtu, lakini haurudishi infraredi kama jani lililo hai. Kwa filamu hiyo msitu unakuwa mwekundu, na kile kilichojificha ndani kinajitokeza. Fikiria hiyo kitu: picha yenye rangi "za uongo" ndiyo ilikuwa inafichua uongo wa rangi ya kweli.

Halafu mpiga picha wa Ireland, Richard Mosse, akaichukua filamu hiyo akaenda nayo mashariki mwa Kongo. Vilima vya kijani unavyovijua vikatoka vya waridi, na wanajeshi wamesimama katikati. Kazi yake ilionyeshwa Venice mwaka 2013. Kuna watu waliipenda na kuna waliosema anairembesha vita ya watu wengine. Mimi naona wote wana pointi. Lakini ukishaona vile vilima, huwezi kusema hukuviona. Tulikuwa tumezoea picha za vita vya Kongo mpaka tukaacha kuangalia, na waridi ikatushika kichwa ikatugeuza.

Sasa niwe mkweli: jakaranda yangu haikupigwa na infraredi yoyote. Mimi niligeuza rangi kwa simu, nikafanya ifanane. Sikupima afya ya mti, sikuona kitu ambacho wewe huoni. Ni heshima kwa ile filamu, basi. Na kapsheni yangu haikusema hivyo. Hapo yule msee wa komenti alinishika, na nakubali.

Hata zambarau yenyewe ni efekti

Lakini hebu tuulizane. Wale mnanililia nirudishe jakaranda "halisi", mnajua jakaranda si mti wa hapa? Asili yake ni Amerika Kusini. Ililetwa ikapandwa kandokando ya barabara enzi za mkoloni, na sasa kila ikifika Oktoba tunajipiga selfi chini yake tukisema hii ndiyo Nairobi yetu. Mikaratusi nayo imetoka Australia. Mtu aliangalia mji huu zamani akasema, hapa tuweke zambarau. Akaediti mji mzima, bila apu.

Sisemi tuzichukie. Mimi nazipenda kuliko wengi wenu. Nasema tu "halisi" ni neno la kushika na mikono miwili. Kile tunachokiona kila siku pia kiliamuliwa na mtu.

Na sanaa imekuwa ikifanya haya kitambo. Kuna mchoraji Mholanzi, Piet Mondrian, yule mnayemjua kwa miraba ya nyekundu, bluu na njano. Kabla ya miraba, alikuwa mtu wa miti. Kati ya 1908 na 1912 hivi alichora mti mmoja mwekundu juu ya bluu, halafu mwingine wa kijivu, halafu mti wa tofaa uliochanua ambao ukiuangalia unaona mistari iliyopinda tu, kama magamba ya samaki. Ukizipanga pamoja unaona mtu anaondoa kitu kimoja kimoja akijiuliza: nikitoa hiki, bado ni mti? Nikitoa na hiki je?

Hiyo ndiyo jaribio. Jaribio lina swali ndani. Kuvuta slaida zote mpaka mwisho ukingoja laiki, hiyo si jaribio, hiyo ni bahati nasibu.

Nipeane mfano wangu mmoja ambao nauonea fahari. Kuna mpiga picha kutoka Catalonia anaitwa Pep Ventosa, anauzunguka mti akiupiga picha kila upande, halafu anazilaza zote juu ya nyingine. Nilienda Arboretum nikachagua mti mmoja, nikauzunguka hatua kwa hatua, picha 24, shina nikilishikilia katikati ya fremu kila mara. Nyumbani nikazilaza. Siri ni kupunguza nguvu ya kila leya: ya pili nusu, ya tatu theluthi, ya nne robo, unaendelea hivyo, ili hakuna picha moja inayomeza wenzake. Simu ilizima mara mbili kwa joto.

Kilichotoka sikukitarajia. Shina likabaki imara katikati. Kila kitu kingine, benchi, watu waliopita, watoto, mawingu, kikawa moshi. Nilikaa nikaiangalia nikafikiria, kumbe hivi ndivyo mti unatuona sisi. Sisi ndio tunapita. Picha moja ya kawaida isingeniambia hivyo hata nikiipiga na kamera ya laki tano.

Kwa hivyo usiniambie efekti ni uongo. Ile picha ni kweli kuliko zile 24 zilizoitengeneza.

Siku niliyodanganya

Sasa nifike kwa ile ya aibu.

Mwaka juzi kuna watu wa kuuza ploti walinitumia inboksi. Walikuwa wameona kazi yangu ya miti. Wakanitumia picha ya shamba nje ya mji: udongo mwekundu, vigingi, waya, na visiki viwili vitatu vya miti iliyokatwa. Wakaniambia, "Fanya ipendeze. Weka miti." Elfu tatu. Kodi ya nyumba ilikuwa imepita wiki moja na mwenye nyumba alikuwa ameanza kusalimia kwa sauti ile nyingine.

Nikaweka miti. Na nikaiweka vizuri, hilo ndilo linauma. Nililinganisha upande wa jua, nikaweka vivuli chini, nikapunguza ukali wa ile ya mbali ili ionekane mbali. Mahali palikuwa na kisiki nikaweka kivuli kizuri na nyasi. Hakuna kamstari keupe hata kamoja. Walifurahi, wakatuma pesa, nikalipa kodi.

Miezi miwili baadaye msichana mmoja akaniandikia. Anafuata peji yangu, alikuwa ametambua mkono wangu kwa lile tangazo. Mama yake alikuwa ametoa pesa ya chama aweke diposti. Walipoenda kuona, akaniuliza swali moja tu: "Miti iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, nikawaandikia wale watu watoe picha, hawakujibu. Kama mama alirudishiwa pesa yake sijui, msichana hakunijibu tena, na simlaumu.

Sasa ona tofauti. Jakaranda nyekundu, hata mtoto wa chekechea anajua hakuna mti kama huo. Picha yenyewe inapiga kelele kwamba imechezewa. Lakini miti yangu ya ploti ilinyamaza. Ilikuwa ya kijani ya kawaida, imekaa kwa heshima, ikisema "sisi tuko hapa." Efekti yenye makelele haimdhuru mtu. Ile isiyoonekana ndiyo ya kuogopa.

Na usisahau tunaishi nchi gani. Hapa picha ya mti ni ushahidi. Mwaka 2022, mibuyu ya Kilifi ilipokuwa inang'olewa na mizizi yake kupelekwa Georgia, watu walipiga kelele kwa sababu waliona picha: buyu limelazwa, limefungwa, tayari kusafirishwa. Rais akaagiza uchunguzi. Mwaka 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa inajengwa, kuna mugumo mkubwa pale Waiyaki Way ulikuwa uondolewe. Watu wakapaza sauti, wakaweka picha kila mahali, na Novemba mwaka huo likatoka agizo la rais kwamba mti ubaki.  Hata Mama Wangari Maathai alipopigania Karura mwisho wa miaka ya tisini, picha za kilichotokea msituni zilizunguka dunia.

Sasa fikiria tumefika mahali ambapo mtu akiposti picha ya msitu umekatwa, jibu la kwanza ni "hiyo imeeditiwa." Nani anafaidika? Si mti. Si wewe. Ni yule mwenye msumeno. Kila picha ya kimya tunayodanganya nayo inampa yeye kisingizio. Ndiyo maana yule wa komenti hakunikasirisha. Alinikasirikia kwa picha isiyofaa, lakini hasira yake ni ya haki.

Na zile programu za akili bandia? Mtaniuliza tu. Mimi sijazipiga marufuku kwangu. Lakini ukiziandikia "nipe mti wa mwembe," zitakupa mwembe mzuri sana ambao haujawahi kuwa popote. Ni wastani wa miembe yote. Haujawahi kupandwa na mtu, haujawahi kuangusha embe juu ya bati usiku. Unaweza kuwa na kazi yake, sawa. Lakini usiniambie umenipa mti. Na hapa ndipo nafika kwa ile siku mbaya kuliko siku ya uongo.

Mwembe wa susu

Susu wangu anakaa Makueni. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mwembe wa kienyeji, zile embe za nyuzi zinakaa kwa meno siku mbili. Si mwembe wa kuuza, wanunuzi wanataka Apple na Kent. Ulikuwa mwembe wa kukaa chini. Babu alikuwa analala pale mchana. Mbuzi zilifungwa pale. Wageni waliketi pale. Nilianguka kutoka kwa huo mti nikiwa darasa la tatu na bado nina alama kwa goti.

Mara ya mwisho kuuona ukiwa mzima niliupiga picha. Moja, jioni, jua likiwa nyuma yake. Nikarudi Nairobi, nikaingia nayo kwa apu. Nikaweka majani ya bluu. Nikaweka nyota katikati ya matawi. Nikaongeza mwanga wa zambarau chini ya shina. Ilitoka moto, wengine wenu mnaikumbuka, ni kati ya zile zilizoniletea wafuasi wa kwanza.

Halafu simu ikaniambia memori imejaa. Unajua ile. Nikaanza kufuta. Nilikuwa na ile tamu, ya nyota. Orijino ya nini? Ilikuwa picha tu ya mti. Nikaifuta.

Mwaka jana wajomba waligawana shamba. Mpaka ukapita pale pale. Sitasema mengi, ni mambo ya familia. Mwembe ulikatwa siku moja. Nilipoenda Desemba nilikuta kisiki na mahali palikuwa na jua sana, mpaka nyumba ya susu ilionekana ndogo.

Jioni susu akaniuliza, pole pole, kama mtu anaomba chumvi kwa jirani: "Mwana wakwa, wewe si ndiye wa picha. Ule mti wetu unao kwa simu?"

Nikasema ndiyo, susu, ninao. Nikafungua ile ya nyota. Akachukua simu, akaivuta mbali, akaileta karibu. Akaangalia muda mrefu. Halafu akanirudishia na mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema:

"Huu ni mzuri. Lakini si wetu."

Hakuna komenti imewahi kuniingia hivyo. Hakunitukana. Hata aliisifu. Lakini mimi ndiye nilikuwa na picha ya mwisho ya ule mti, na niliifuta ili nibaki na nyota ambazo naweza kuzitengeneza siku yoyote, juu ya mti wowote. Kile ambacho hakiwezi kutengenezwa tena ndicho nilichotupa.

Na kosa halikuwa la efekti. Ile picha ya bluu bado naipenda. Kosa lilikuwa kudhani picha ya kawaida haina thamani kwa sababu haina laiki.

Sheria zangu sasa

Sijifanyi mwalimu wa mtu. Hizi ni zangu, ukitaka chukua.

Ya kwanza, orijino haifutwi. Hata kama ni mbaya, hata kama ina kidole changu kwa kona. Kuna folda yake, na kila mwisho wa mwezi naihamisha kwa flashi. Flashi ni bei ya chipo na soda mara chache. Usiniambie huna.

Ya pili, mti wowote kabla sijaupiga picha ya kisanii, naupiga picha moja ya kijinga. Mzima, kutoka mizizi hadi juu, mwanga wa kawaida, bila ujanja. Nawaza kuna mtu siku moja ataniuliza "ule mti wetu unao?"

Ya tatu, kama mtu anaweza kuamini picha yangu kimakosa, naandika. Kapsheni inasema nimefanya nini. Ile jakaranda nimerudi nikaandika: rangi imegeuzwa kwa simu, mti wenyewe ni zambarau. Dakika moja tu. Laiki hazikupungua.

Ya nne, sipandi mti kwa picha mahali haujapandwa kwa udongo, kama kuna mtu atatoa pesa kwa sababu yake. Hata mwenye nyumba akisalimia kwa sauti gani.

Ya tano, kabla ya kuvuta slaida, najiuliza swali. Nataka kuona nini ambacho sikuwa nakiona? Kama sina swali, naweka simu chini naenda kununua mkate.

Kile tulifanya na susu

Nimalizie hapa.

Sikuwacha mambo pale kwa "si wetu". Nilirudi Pasaka. Nikazunguka kwa ndugu wote nikiomba picha. Nyingi hazikuwa na mti. Halafu binamu yangu akapata moja ya siku ya ntheo yake, wazee wameketi, mbuzi ziko pale, na nyuma yao, upande wa kulia, nusu ya mwembe. Shina na matawi matatu hivi. Ule upande mwingine fremu ilikuwa imeukata.

Nikaketi na susu nje, simu katikati yetu. Nikatoa wazee, nikausafisha mti. Huo upande uliokosekana sikuujaza na majani ya kunakili. Ningeweza, na mngekuja mkasema kazi safi. Badala yake nilichora kwa mstari mweupe mwembamba, kidole changu kikifuata maneno yake. "Hapana, tawi hilo lilishuka zaidi. Babu yako alikuwa analigonga na kichwa." Nashusha. "Hapo palikuwa na kichaka cha majani." Naongeza. "Huyo ndege hakuwa hapo." Nafuta ndege.

Tulichukua mchana mzima. Upande mmoja ni picha, upande mwingine ni mistari. Ukiangalia unajua mara moja kipi kilishikwa na kamera na kipi kilishikwa na susu. Hakuna aliyedanganywa.

Nikaichapisha Wote mjini, nikaiweka kwa fremu. Iko sebuleni kwake, kando ya kalenda. Wageni wakiuliza kwa nini mti umechorwa nusu, yeye ndiye anaeleza. Anaanza na babu na kile kichwa chake.

Hiyo picha sijaiposti na sitaiposti. Hiyo haiko kwa ajili yetu.

Lakini wewe ninakuomba kitu kimoja. Kuna mti karibu na wewe sasa hivi. Uko kwa steji, uko nyuma ya shule uliyosoma, uko kwenu ushago, uko pale mlangoni kwa mama mboga anaweka stuli chini yake. Toka uende uupige picha. Moja tu, ya kawaida, mzima. Ihifadhi mahali salama.

Halafu fungua apu, vuta slaida, weka nyota, geuza dunia nzima nyekundu. Sasa una ruhusa.